Huruma, Haki na Mzigo wa Anayesikiliza: Swali la Kidini Kutoka Kasokola

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyajibu kwa haraka kuliko yanavyostahili ni lile la kikomo cha huruma, yaani iwapo mtu aliyejitoa kuwalinda wengine dhidi ya ukatili ana haki ya kuchoka, na iwapo kuchoka kwake ni upungufu wa imani yake mwenyewe au ni deni la jamii iliyomwachia kazi hiyo peke yake. Swali hili huonekana la kinadharia mpaka litazamwe mahali linapoulizwa kwa vitendo, katika kata kama Kasokola, ndani ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, ambako ulinzi wa mtoto aliyenajisiwa au wa mke aliyepigwa hauanzi kwa hakimu wala kwa daktari bingwa, bali kwa watu wachache wanaojulikana na kila kaya: mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, polisi kata, afisa maendeleo, mzee wa kanisa, imamu, na mama mmoja au wawili ambao majirani wamezoea kuwagongea mlango usiku. Insha hii inashikilia kwamba uchovu wa watu hao ni suala la haki kabla haujawa suala la ustahimilivu, na kwamba mapokeo ya dini zinazofuatwa Katavi, yakisomwa kwa makini, yanalisema jambo hilo waziwazi, ingawa mimbari zake hazilisemi mara nyingi.

Katavi ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na maisha yake yanategemea mahindi, mpunga, tumbaku, mifugo na machimbo madogo ya dhahabu, shughuli zinazohamisha watu kwa misimu na kuwaacha wanawake na watoto wengi mbali na ndugu ambao zamani wangewakingia kifua. Pembezoni mwa Mpanda yapo makazi ya Katumba, na mbele zaidi Mishamo, yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, kwa hiyo zipo familia katika ukanda huu zinazobeba kumbukumbu za ukatili wa zamani juu ya ule wa sasa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, wakati wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa asilimia 27, na Katavi ikawa juu ya mikoa yote. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15, jambo lenye maana ambayo husahaulika kirahisi, kwamba mama anayekaa kwenye kamati ya kuwalinda wengine huenda naye ni mmoja wa hao wanne, na kila shauri analolisikiliza linaweza kugusa kidonda chake mwenyewe.

Serikali haikukaa kimya. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, ulianza kutekelezwa mwaka wa fedha 2017/18 kwa lengo la kupunguza ukatili kwa nusu ndani ya miaka mitano, na uliagiza kuundwa kwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia kijiji na mtaa, kupanda kata, wilaya na mkoa, hadi taifa. Ni muundo mzuri kwa kuwa unaanzia mahali ukatili ulipo. Hata hivyo, ngazi ya chini kabisa, ambayo ndiyo inayosikia kilio cha kwanza, ndiyo pia yenye wajumbe wanaojitolea, wasio na mshahara kwa kazi hiyo, wasio na gari, na ambao mara nyingi mafunzo yao yameishia kwenye semina ya siku chache.

Njia ya shauri moja inaeleza mengi kuliko takwimu, na mlolongo wake unafahamika kwa yeyote aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Mtoto wa darasa la tano anabadilika, mwalimu anamwita pembeni, na baada ya kimya kirefu anasema jambo ambalo mwalimu angetamani asilisikie. Mjumbe wa kamati anapigiwa simu, anaacha palizi katikati ya msimu wa mvua, anatafuta bodaboda kwa fedha yake, anampeleka mtoto na mama yake polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi inayoambatana na aliyeumizwa anapokwenda kutibiwa, kisha hospitalini mjini Mpanda, ambako wanakaa kwenye benchi hadi jioni, mtoto amelala mapajani mwa mjumbe kwa sababu mama yake anatetemeka na hawezi kumpakata. Wiki kadhaa baadaye, shauri linapokaribia kusikilizwa, wazee wa pande mbili wanakutana, fedha au ng'ombe wanatolewa, na mama yuleyule anakuja kusema kwamba yamekwisha kifamilia na kwamba hatatoa ushahidi, kwa kuwa mtuhumiwa ni shemeji yake na ndiye anayewalisha. Mjumbe hana la kufanya. Jumapili atakaa kanisani na mtuhumiwa huyo, siku ya gulio atapishana naye kati ya mafungu ya dagaa na nyanya, na huenda akasalimiwa kwa heshima zote na mtu ambaye anajua alichomtendea mtoto. Mshauri wa mjini akifunga ofisi hurudi kwake. Wa Kasokola hana mahali pa kurudi ambapo kazi yake haipo.

Taaluma ya saikolojia imeipa hali hii majina mbalimbali, na inafaa kuyatenganisha kwa sababu kila jina linaelekeza kwenye tiba tofauti. Uchovu wa kazi, kwa maana ya kuishiwa kabisa nguvu za moyo kutokana na kazi ya kuhudumia watu, ulielezwa kitaalamu mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika kliniki ya bure jijini New York na kuwaona wafanyakazi wenye ari kubwa kuliko wote ndio wanaoanguka kwanza. Christina Maslach na Susan Jackson walitoa mwaka 1981 kipimo kinachotazama pande tatu za uchovu huo: kukaukiwa hisia, kuanza kumwona mhudumiwa kama kitu au usumbufu, na kuhisi kwamba kazi yote haina faida. Upande wa pili ndio unaotisha kuliko yote, kwa maana mjumbe aliyelia na mtoto wa kwanza anaweza, kwa mtoto wa ishirini, kujikuta akiuliza kwa ukali kwa nini alipita njia ile saa zile, na hapo mlinzi amegeuka kuwa jeraha la pili bila kukusudia. Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walieleza mwaka 1990 jeraha la kupokea, yaani namna msikilizaji wa masimulizi ya kutisha anavyobadilika mwenyewe, akaanza kuogopa wanaume wote, kutowaamini wajomba, kuota ndoto zisizo zake. Naye Jonathan Shay, daktari wa maveterani wa vita vya Vietnam, alieleza jeraha la dhamiri, linalompata mtu anapoona lililo haki likisalitiwa na wale wenye mamlaka ya kulisimamia. Shauri lililozimwa kifamilia ni mfano kamili wa jeraha hilo la mwisho, na ni kosa kulitibu kwa kumwambia mjumbe apumue kwa utulivu.

Shirika la Afya Duniani, lilipoandaa orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, liliueleza uchovu wa kazi kuwa ni tukio la mahali pa kazi, si ugonjwa wa mtu, na likautaja kuwa ni matokeo ya shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa ipasavyo. Maelezo hayo yana uzito wa kimaadili kuliko yanavyoonekana, kwa sababu yanahamisha swali kutoka kwa aliyechoka kwenda kwa mpangilio uliomchosha.

Kwa nini basi waumini wengi huona aibu kusema wamechoka? Sehemu ya jibu iko katika historia ya Ukristo wenyewe. Evagrius wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya hali inayomjia mtawa adhuhuri, jua likionekana limesimama, chumba kikimchukiza, ndugu zake wakionekana hawana upendo, na moyo ukimshawishi kwamba mahali pengine pangemfaa zaidi. Evagrius alikuwa na jicho kali, na mtu akisoma maelezo yake leo ataona dalili nyingi ambazo Maslach alizipima. Lakini aliiweka hali hiyo miongoni mwa mawazo maovu manane, na karne zilipopita, orodha hiyo ikafupishwa na kufundishwa kwa watoto kama mizizi saba ya dhambi, ambapo hali ile yenye utata ikabaki na jina jepesi la uvivu. Hivyo mwamini wa leo, anapohisi moyo umekauka, hulisikia fundisho la utotoni likimwambia kwamba amekuwa mvivu, na badala ya kuomba kupokezwa anajiongezea mzigo ili kujitakasa. Lugha ya wito na ya kujitolea, ambayo ni nzuri na ya kweli, humaliza kazi hiyo: aliyeitwa na Mungu atawezaje kulalamika juu ya nauli ya bodaboda?

Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Kisa cha nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, ni cha mtu aliyetoka kwenye ushindi mkubwa, akatishiwa maisha na malkia, akakimbilia jangwani, akakaa chini ya mti na kuomba afe. Mpangilio wa kile anachofanyiwa ni wa kutazamwa hatua kwa hatua. Hakemewi, wala hasomewi sheria. Anaachwa alale, anaamshwa ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, analala tena, anaamshwa mara ya pili ale, kwa maelezo kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu zake, jambo ambalo ni Mungu kukiri kikomo cha mtumishi wake bila kumlaumu. Ni baada ya mwili kutunzwa ndipo mazungumzo yanaanza, na hata hapo Eliya anaruhusiwa kulalamika mara mbili kwa maneno yaleyale, kwamba amebaki peke yake. Jibu linamrudisha kazini, ndiyo, lakini kwa masharti mapya: atampaka mafuta Elisha ashike nafasi yake, naye anaarifiwa kwamba wapo watu elfu saba ambao hawakupiga goti kwa Baali. Kwa maneno mengine, upweke wake ulikuwa halisi kama hisia lakini haukuwa halisi kama hesabu, na tiba yake ilikuwa usingizi, chakula, msikilizaji, mshirika na habari sahihi. Musa naye, katika Kitabu cha Hesabu sura ya 11, anamwuliza Mungu kama yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hao wote hata awabebe kifuani kama mlezi, na anaomba auawe kuliko kuendelea. Anachopewa ni wazee sabini, nao wanapewa sehemu ya roho ileile iliyokuwa juu yake. Kuugawa mzigo hakukupunguza utakatifu wa kazi hiyo.

Katika Uislamu, msingi uko wazi vilevile. Sahihi al-Bukhari inahifadhi habari ya Salman al-Farisi aliyemtembelea Abu Dardaa, ndugu yake kwa udugu ule ulioungwa na Mtume, akamkuta mke wake amejiachia bila pambo kwa kuwa mumewe alikuwa amejizamisha katika ibada na hakuwa na haja ya dunia. Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa amefunga, ale naye. Usiku alimzuia asisimame kuswali mapema, akamlaza, na mwisho wa usiku wakaswali pamoja. Kisha akamfundisha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume alipoelezwa, alimthibitisha Salman. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kupumzika kumewekwa katika mizani ya haki, pamoja na haki za wengine, kwa hiyo anayemnyima mhudumu usingizi anamdhulumu mtu mwenye dai halali, hata kama mdhulumu huyo ni mhudumu mwenyewe.

Fikihi ya Kiislamu inatoa nyenzo nyingine iliyo kali zaidi, ambayo ni tofauti kati ya faradhi ya kila mtu na faradhi ya kutoshelezana. Faradhi ya kila mtu, kama swala tano, humpasa kila mmoja na haiwezi kufanywa na mwingine kwa niaba yake. Faradhi ya kutoshelezana, kama kumwosha na kumzika maiti, huangukia jamii nzima, na wakijitokeza wa kutosha wengine huepuka lawama, bali wasipojitokeza wa kutosha wote hupata dhambi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analalamika katika kitabu chake kikubwa cha Ihya kwamba watu wa zama zake walisongamana kwenye elimu yenye vyeo na kuiacha tiba, mpaka miji ikakosa tabibu Mwislamu, ilhali tiba nayo ni faradhi ya aina hiyo. Kuondoa dhuluma na kumlinda mnyonge bila shaka kuna sehemu katika faradhi hiyo. Ikiwa katika mtaa mzima ni mama mmoja tu anayekwenda polisi na watoto walioumizwa, kwa kipimo hicho mama huyo hajawaondolea majirani lawama, kwa sababu mmoja hatoshi. Na siku atakapoanguka, kuanguka kwake kutakuwa ushahidi juu yao. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na methali hiyo inaeleza kwa usahihi namna kata nzima inavyoweza kumtazama mjumbe wake akipita na mtoto mgongoni na kuona kwamba anaweza.

Upo upinzani wa kifalsafa unaopaswa kujibiwa kwa heshima, nao ni kwamba mahesabu ya kugawana mzigo hayaendani na hali halisi ya huruma, kwa sababu mtoto anayelia mlangoni haulizi zamu ni ya nani. Emmanuel Levinas, Myahudi mzaliwa wa Lithuania ambaye ndugu zake waliuawa na Wanazi, alilifanya jambo hili kuwa kiini cha falsafa yake, akifundisha katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1961 kwamba uso wa mwingine unanidai kabla sijachagua, na kwamba dai hilo halina mpaka. Mjumbe wa Kasokola, hata asipowahi kusikia jina la Levinas, anaijua kweli hiyo kwa mwili wake. Lakini Levinas mwenyewe hakuishia hapo. Duniani hakuna wawili tu. Yupo wa tatu, naye pia ana uso, na mara anapoingia huyo wa tatu inalazimu kulinganisha, kupima, kuweka sheria na taasisi, ambayo ndiyo maana ya haki. Mtoto wa pili atakayegonga kesho ni wa tatu huyo. Watoto wa mjumbe mwenyewe, wanaokula ugali wa jana kwa sababu mama yuko polisi, nao ni wa tatu. Kwa hiyo haki haiji kuipunguza huruma. Inakuja kwa sababu huruma ina watu wengi wa kuwajibu, na mtu mmoja akiachiwa yote, wapo watakaokosa jibu kabisa.

Jamii za Katavi hazihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa haki ya namna hiyo, kwa sababu zinao na huutekeleza karibu kila juma. Panapotokea msiba, hakuna anayeachwa peke yake na maiti. Wapo wanaochimba kaburi, wanaopika, wanaoandikisha michango, wanaolala kwenye mikeka na wafiwa usiku wa manane. Wapo wanaoingia kulia na wanaotoka kupokezana. Zipo siku zinazojulikana za kukaa matanga na siku ya kuanua, baada ya hapo mfiwa anaruhusiwa, na kwa kweli anatakiwa, kurudi shambani. Huzuni imepewa mahali, muda, watu na mwisho. Ukatili haukupewa chochote kati ya hivyo. Mtoto aliyenajisiwa hana matanga; hakuna turubai linalofungwa, hakuna mkeka unaotandikwa, na majirani walewale ambao wangekesha kwa ajili ya kifo hufunga milango kwa ajili ya aibu. Kazi yote ambayo jamii nzima huifanya msibani, ya kusikia kilio, kukesha, kulisha, kushuhudia, huangukia mabega ya mjumbe mmoja au wawili, tena bila siku ya kuanua, kwa kuwa kabla shauri moja halijaisha lingine limekwisha kugonga. Hapa ndipo penye chanzo kikubwa cha uchovu wao, na mafunzo ya ustahimilivu yasiyogusa jambo hili yatabaki kuwa ya juujuu.

Kizuizi cha kweli ni siri. Msiba hutangazwa, lakini shauri la ukatili lazima lifichwe ili kumlinda aliyeumizwa, na mjumbe mwadilifu hawezi kwenda kumwaga moyo wake kwa jirani wala hata kwa mumewe. Wajibu huo wa siri hauna mjadala, lakini kuutimiza si sawa na kuachwa bubu. Taaluma za ushauri nasaha zina desturi iitwayo usimamizi wa kitaaluma, ambapo kila anayesikiliza ana mtu mmoja, mwenye ujuzi na aliyefungwa na siri ileile, wa kumsikiliza yeye; na Kanisa Katoliki, lenye Jimbo la Mpanda tangu mwaka 2000, linajua kwa karne nyingi kwamba siri inaweza kubebwa na wawili bila kuvunjwa. Afisa ustawi wa jamii anayewatembelea wajumbe kwa ajili ya kukusanya fomu za takwimu peke yake, asiulize wamelalaje, amefanya nusu ya kazi yake, ingawa ni haki kukumbuka kwamba naye huenda hana wa kumwuliza.

Laurenti Magesa, padri na mwanateolojia wa Tanzania aliyefariki mwaka 2022, alitetea katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu dini ya Kiafrika kwamba maadili ya mapokeo hayo yamejengwa juu ya uhai tele: lililo jema ni lile linalokuza nguvu ya uhai katika jamii, na lililo ovu ni lile linaloipunguza. Kwa kigezo hicho, ulinzi unaookoa uhai wa mmoja kwa kuunyonya uhai wa mwingine taratibu bado haujakuwa mwema kikamilifu. Mkoa huu una kumbukumbu ya ulinzi wa namna nyingine. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndiko alikofika mwaka 1889 Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa utabibu huko Malta. Alifika wakati biashara ya watumwa ilikuwa bado inararua kingo za ziwa, akahudumu kama katekista na tabibu mpaka alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60 akipokea miili na nyoyo zilizojeruhiwa, naye mwenyewe akiwa mmoja wa waliojeruhiwa. Ingekuwa rahisi kumsifu kwa moyo wa chuma. Lakini Atiman hakuishi kama mtu mmoja: alioa Karema, akawa na nyumba na mtoto, alikuwa sehemu ya misheni iliyokuwa na kengele ya kuamka, ya kusali, ya kula na ya kulala, na kazi yake ilikuwa na dawa mkononi, hata kama zilikuwa chache. Haiwezekani kuthibitisha kwamba hayo ndiyo yaliyomtunza. Hata hivyo, ni mtu asiyeyatazama tu anayeweza kuhitimisha kwamba alitunzwa na ujasiri pekee.

Linabaki swali gumu kuliko yote, la kuendelea wakati matokeo hayaonekani. Epiktetos, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kutenga yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu, na Kurani inasimulia kwamba Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini ilhali walioamini pamoja naye walikuwa wachache, pasipo uchache huo kuhesabiwa kuwa ni kushindwa kwake. Mafundisho haya yana nguvu ya kweli: mjumbe anayejua kwamba kumpeleka mtoto hospitalini kulikuwa kwema hata kama shauri lilikufa, analala vizuri kuliko anayejipima kwa hukumu za mahakama. Lakini yanageuka kuwa dawa ya usingizi yanapotamkwa na wale ambao matokeo hayo yamo katika uwezo wao. Kumwachia Mungu matokeo ni unyenyekevu kwa mjumbe. Kwa mzee aliyepokea ng'ombe ili shauri lizimwe, kwa kiongozi wa dini aliyekaa kwenye kikao hicho na kubariki suluhu, na kwa ofisi iliyoacha jalada lilale, ni kufuru.

Kuhusu yanayowezekana, uzoefu wa jirani unatia moyo. Mpango wa SASA!, ulioanzishwa na shirika la Raising Voices la Uganda na kufanyiwa utafiti Kampala kati ya mwaka 2007 na 2012, uliwategemea wanajamii wa kawaida waliojitolea, na katika mitaa uliyofanyika, ukatili wa kimwili wa wenza uliripotiwa kuwa chini kwa asilimia 52 ukilinganishwa na mitaa mingine. Wanaharakati hao hawakupewa semina moja na kuachwa. Walifuatwa, wakasindikizwa na kukutanishwa kwa miaka, na ukatili ukafanywa kuwa mazungumzo ya mtaa mzima. Katavi ina vyombo vya kufanya hivyo bila kuunda kipya. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele miaka ya 1970, hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Misikiti ina kamati zake na Ijumaa zake. Makanisa ya Kimoravian na ya Kipentekoste yana vikundi vya akina mama vinavyojua kupika kwa ajili ya watu mia bila bajeti. Vyombo hivi vinaweza kulima shamba la mjumbe siku aliyokuwa mahakamani, kuchangia nauli kama vinavyochangia sanda, kuwalisha watoto wake jioni ile, na kukataa hadharani suluhu za kununua ukimya wa watoto, yote bila kuuliza jina la aliyeumizwa.

Kamati ya ulinzi ya kata inapokaa kikao chake kijacho, ajenda ya kwanza na iwe hali ya wajumbe wenyewe: nani amebeba mashauri mangapi tangu kikao kilichopita, nani hajalala, nani apokezwe, na nani kati ya wachungaji, masheikh na wazee waliopo atachukua zamu hiyo kwa jina lake. Viongozi wa dini wa Kasokola wasisubiri mwaliko wa kikao hicho. Wajumbe wanaowahitaji wanakaa mbele yao kila Ijumaa na kila Jumapili.